Simu Hii Itaishi Miaka Mingapi?

Ingia duka lolote la simu mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, usikilize wanunuzi wanauliza nini. Ina GB ngapi? Kamera yake megapikseli ngapi? Inakaa na chaji? Ni maswali ya haki, na muuzaji ana majibu yake tayari, mengi yamebandikwa kwenye boksi. Swali linalosikika kwa nadra ni hili: simu hii itanifanyia kazi mpaka lini? Kwangu mimi hilo ndilo swali mama, na hayo mengine yote ni njia za kulijibu.

Ili tulijibu, kwanza tuelewane simujanja ni kitu gani. Wengi huitambua kwa kioo cha kugusa, lakini kioo si kigezo. IBM iliuza simu ya kugusa nchini Marekani tangu 1994, ikaitwa Simon, nayo ikapotea sokoni bila kubadilisha maisha ya watu. Hata iPhone ya kwanza, ile ya 2007, ilitoka na programu za Apple yenyewe tu. Mambo yaligeuka Julai 2008 Apple ilipofungua duka la programu, na miezi michache baadaye simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, ikaingia madukani. Tangu hapo mtu yeyote mwenye ujuzi, awe California au Kijitonyama, aliweza kutengeneza programu ikaingia kwenye simu ambayo hakuiunda yeye.

Basi simujanja ni kompyuta ndogo yenye laini ya simu, ambayo kazi zake huamuliwa na watu wengine baada ya wewe kuinunua. Kitochi, au mulika mwizi kama Wakenya wanavyokiita, huzaliwa kikiwa kimekamilika: kupiga, ujumbe mfupi, redio, tochi, na huduma za pesa kwa kubonyeza *150*00# na nyenzake. Miaka 10 baadaye kitafanya kazi zilezile, kwa kasi ileile. Simujanja haina bahati hiyo. Kila mwaka programu zake huongezeka uzito, zikidai kumbukumbu kubwa zaidi na mfumo endeshi mpya zaidi, ilhali chuma ulichonunua ni kilekile. Ndiyo maana huzeeka hata ikiwa imefungiwa kabatini. Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kuhudumia simu zenye Android iliyo chini ya toleo la 5.0. Vioo vya simu hizo vilikuwa vizima na betri nyingine zilikuwa bado zinashika chaji, lakini kwa mwenye biashara anayepokea oda zake WhatsApp, simu ilikuwa imekufa.

Ukilielewa hilo, hesabu ya bei inabadilika. Tuseme simu moja inauzwa shilingi 250,000 za Tanzania nayo itakufaa mwaka mmoja na nusu, na nyingine ni shilingi 450,000 nayo itakufaa miaka minne. Ya kwanza inakugharimu karibu shilingi 13,900 kwa mwezi, ya pili chini ya 9,400. Ile ya bei rahisi ndiyo ghali. Najua si kila mtu anaweza kutoa 450,000 kwa mkupuo, na nitalirudia suala la mkopo. Lakini hata mwenye 250,000 mkononi anachagua kati ya simu nyingi za bei hiyo, na tofauti ya umri wao ni kubwa kuliko tofauti ya rangi za maboksi yao.

Njia nzuri ya kujua simu zinakufa vipi ni kukaa mezani kwa fundi, si dukani. Meza yake ina hita ya kulainisha gundi, kibano, brashi, kopo la kemikali ya kusafishia, na rundo la simu zenye vikaratasi vya majina ya wenyewe. Yanayofika pale hayabadiliki sana: kioo kimepasuka, betri imevimba, mfumo wa chaji umelegea, simu imejaa na inakwama. Mara chache utamwona mtu aliyeleta simu kwa sababu kamera yake ina megapikseli chache. Vinavyotangazwa na vinavyoua ni vitu viwili tofauti.

Nianze na kujaa, maana ndiko simu za bei nafuu zinakoishia nyingi. Namba mbili huchanganywa hapa. RAM ni nafasi ya kufanyia kazi kwa wakati huo. Hifadhi ni mahali pa kuwekea vitu hata simu ikizimwa. Kwa matumizi ya kawaida ya leo, yaani WhatsApp, programu za benki, ramani na video, mimi sishauri mtu anunue RAM iliyo chini ya GB 4 kama anataka simu ifike mwaka wa tatu, na GB 6 ni salama zaidi. Hapo sasa kuna jambo la kutazama kwa macho mawili. Maboksi mengi siku hizi yameandikwa GB 8 kwa herufi kubwa, na pembeni kwa herufi ndogo 4+4. Hizo nne za pili si RAM. Ni sehemu ya hifadhi inayokopwa ifanye kazi ya RAM, nayo ni ya polepole mno ukilinganisha na RAM yenyewe. Huo si uongo wa moja kwa moja kwa kuwa maandishi yapo, lakini mnunuzi aliyelipia nane amepata nne. Fungua mipangilio, nenda sehemu ya kuhusu simu, usome RAM halisi kabla hujatoa pesa.

Hifadhi ya GB 64 inaonekana kubwa mpaka uondoe zinazoliwa na mfumo wenyewe, kisha uingize makundi ya WhatsApp: la familia, la kwaya, la mchango wa harusi, la wazazi shuleni, kila moja na video zake. Memori kadi husaidia kubeba picha na nyimbo, lakini programu nyingi na mafaili yake ya kazi hubaki ndani ya simu, na simu iliyobakiwa na nafasi finyu hupoteza kasi kabisa. Kama pesa inatosha kupanda ngazi moja tu, panda kwenye hifadhi: GB 128 badala ya 64. Uliza pia aina yake. Ile iitwayo eMMC husoma na kuandika kwa zamu. UFS hufanya yote mawili kwa pamoja. Simu mbili zenye GB sawa zinaweza kutofautiana sana kwa wepesi kwa sababu hiyo moja, na muuzaji wa kawaida hatakwambia.

Prosesa nitaipita haraka. Majina ni mengi, Unisoc, MediaTek, Snapdragon, Exynos, na ndani ya kila ukoo kuna chipu dhaifu na zenye nguvu. Asiyecheza michezo mizito atosheke na chipu ya daraja la kati ya miaka miwili mitatu iliyopita.

Jambo lisilozungumzwa madukani hata kidogo ni masasisho, na hapa ndipo ningependa msomaji asimame. Mfumo endeshi wa simu hugundulika matundu kila mwezi, na wezi wa mtandaoni huyatafuta kabla hayajazibwa. Mtengenezaji hutoa viraka vya kuyaziba kwa muda aliouahidi, kisha anaacha. Kwetu jambo hili si la wataalamu peke yao. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na tangu hapo fedha zetu zimehamia kwenye simu kwa kiwango ambacho nchi nyingi tajiri hazijafika. Simu isiyopata viraka tena ni pochi yenye tundu, na mwenye pochi hajui.

Tofauti ya ahadi ni kubwa kuliko tofauti ya bei. Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa Pixel 8 ilipotoka 2023. Samsung ilipotoa Galaxy A16 mwaka 2024, simu ambayo si ya matajiri, iliahidi miaka 6. Apple haina desturi ya kutangaza idadi mapema, ila iPhone XR ya 2018 ilipokea iOS 18 mwaka 2024. Upande mwingine, simu nyingi za bei ya chini huahidiwa toleo moja jipya la Android, au hazitajwi kabisa. Unapoambiwa simu ni ya miaka 6, kumbuka kuhesabu kuanzia ilipozinduliwa na si siku uliyoinunua: toleo lililokaa rafu za wauzaji miaka miwili limeshakula miaka miwili ya ahadi yake. Na ukitaka kujua kama ahadi inatimizwa, angalia kwenye mipangilio tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama. Ikiwa simu mpya dukani ina kiraka cha mwaka mzima uliopita, umeshapata jibu.

Betri ni kitu kinachochakaa, hakuna namna. Simu nyingi sasa zina mAh 5,000, zinazotosha siku nzima kwa watu wengi. Baada ya kuchajiwa mamia ya mara, uwezo hushuka, na joto ndilo adui mkubwa: simu iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari mchana wa Februari Dar es Salaam, au inayochajiwa chini ya mto usiku, huzeeka upesi. Kabla ya kununua, uliza kama betri ya toleo hilo inapatikana na inabadilishwa bila shida. Fundi akikubadilishia betri kwa gharama ndogo katika mwaka wa tatu, umeongezewa miaka miwili.

Hapa kuna sababu nyingine ya kutaka simu idumu, na ipo karibu yetu. Kobalti ya betri huchimbwa kwa wingi Kolwezi na maeneo ya jirani kusini mwa Kongo, na koltani, inayotoa tantalamu ya vipuri vidogo vya kuhifadhi umeme kwenye saketi, huchimbwa Rubaya katika Masisi, Kivu Kaskazini, mahali ambapo vita vimepita juu ya migodi. Wanaoshuka mashimoni kule wengi wanazungumza Kiswahili hiki tunachoandika. Simu inayodumu miaka minne badala ya miwili inawadai nusu ya mawe.

Kioo kinastahili swali moja ambalo ni bora kuliko maswali yote ya kiufundi, na huulizwa kwa fundi, si kwa muuzaji. Mpelekee jina kamili la toleo unalolitaka umuulize, "Kaka, kioo cha hii shilingi ngapi?" Akikutajia bei papo hapo, maana yake vipuri vipo. Akisema, "Hii dada, kioo chake mpaka kiagizwe," umejifunza jambo ambalo tangazo haliwezi kukwambia. Vioo vya AMOLED vina weusi mzuri na rangi zinazong'aa, lakini kuvibadilisha kunaweza kula sehemu kubwa ya bei ya simu nzima. Vya IPS ni rahisi zaidi. Kwa mwenye watoto nyumbani, au anayefanya kazi juu ya bodaboda, mimi ningechagua IPS iliyo angavu pamoja na kava nene. Mwangaza nao usiuamini ndani ya duka. Omba ruhusa utoke nayo mlangoni, uisome juani.

Kampuni za Tecno, itel na Infinix, zote za Transsion ya Shenzhen, zilishika soko la Afrika kwa kulielewa jambo hili la mafundi na vipuri, pamoja na laini mbili na betri kubwa, kabla wengine hawajalitilia maanani. Zilifanya pia kazi ya kweli kwenye kamera. Kwa miongo mingi picha za rangi zilipimwa kwa ngozi nyeupe, na sisi tukatoka kama vivuli vyenye meno. Transsion ilirekebisha kamera zake zitambue nyuso nyeusi. Google nayo ikalifanyia kazi ilipotoa Pixel 6 mwaka 2021. Kwa hiyo kamera isipimwe kwa megapikseli. Sensa ya 50 kwa kawaida huunganisha nukta nne kuwa moja na kukupa picha ya 12.5, na zile lenzi za megapikseli 2 zilizopangwa nyuma kwa urembo hazina kazi ya maana. Mpige picha rafiki yako ndani ya duka akiwa ameupa mgongo mlango wenye jua, kisha umwambie atembee umpige tena. Uso ukionekana na mkono usipofifia, kamera inatosha.

Mtandao una mtego wake, hasa kwa wanaoletewa simu na ndugu walioko ng'ambo. Mawimbi ya chini, ya megahezi 700 na 800, ndiyo yanayosafiri mbali na kupenya kuta, hivyo ni ya muhimu kwa vijijini. Kwenye orodha ya sifa hujulikana kama bendi 28 na bendi 20. Baadhi ya simu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina moja au zote mbili, nyingine zimefungwa zitumie kampuni moja tu ya kule. Simu ya namna hiyo inashika vizuri Posta, katikati ya Dar es Salaam, ukifika Ludewa inatafuta mtandao. Kuhusu 5G, ilianza kibiashara Tanzania na Kenya mwaka 2022, na kwa anayeishi mjini ni nyongeza nzuri. Anayemnunulia mama yake simu ya kijijini asiongeze hata shilingi kwa ajili yake. Pesa hiyo iende kwenye betri na hifadhi, na simu iwekwe Kiswahili tangu siku ya kwanza.

Ndugu walioko Ulaya wana nyenzo mpya. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu zinazoanza kuuzwa ndani ya Umoja wa Ulaya zinatakiwa ziwe na lebo inayoonyesha muda wa betri, uimara zikianguka, na daraja la urahisi wa kutengenezeka, kuanzia A hadi E. Sheria hiyo inataka masasisho yaendelee angalau miaka 5 baada ya toleo kuacha kuuzwa, vipuri vipatikane kwa miaka 7, na betri ibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mara 800. Haitufungi sisi, lakini matoleo mengi ni yaleyale yanayofika Kariakoo. Ukiisoma lebo ya Ujerumani umeisoma na simu ya Mwanza. Natamani mamlaka zetu zidai lebo kama hiyo, kwa sababu mnunuzi wa hapa, anayetoa mshahara wa mwezi au zaidi kwa simu moja, anaihitaji kuliko mnunuzi wa Berlin.

Mamlaka zetu zina rekodi ya kuchukua hatua. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, Tanzania ikafuata Juni 2016. Kinachotambulisha simu ni namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Bonyeza *#06# itokee, ilinganishe na iliyo kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ukiwa Tanzania au 1555 ukiwa Kenya. Jibu linapaswa kutaja jina na toleo la simu uliyoishika. Likitaja kitu kingine, irudishe kaunta. Simu bandia nyingine huonyesha GB 512 kwenye mipangilio ilhali ndani ni chache mno, na utagundua pale mafaili yanapoanza kuharibika.

Simu za mtumba, nyingi zikipitia Dubai, zinaweza kuwa chaguo bora kuliko mpya ya bei hiyohiyo, kwa sababu ya ule umri wa masasisho: simu ya daraja la juu ya miaka miwili iliyopita mara nyingi imebakiwa na maisha marefu kuliko mpya ya daraja la chini. Ila ikaguliwe kwa subira. Kwenye iPhone tazama afya ya betri; ikiwa chini ya asilimia 80, toa gharama ya betri kwenye bei. Tangu iOS 15.2, sehemu ya kuhusu simu huonyesha kwa matoleo ya karibuni kama kuna kipuri kilichobadilishwa na kama ni halisi. Hakikisha hakuna akaunti ya mtu mwingine, iwe ya iCloud au ya Google, maana simu iliyofungwa na akaunti haitumiki hata ukiifuta yote. Weka picha nyeupe ijaze kioo, utafute madoa na vivuli. Piga simu, rekodi sauti, chomeka chaja uitikise waya taratibu. Muuzaji anayekuharakisha katika hatua hizi anakuambia kitu.

Sasa mkopo. Julai 2020 Safaricom na Google zilianzisha Lipa Mdogo Mdogo nchini Kenya, simu ya 4G kwa malipo ya shilingi 20 kwa siku, na mipango ya namna hiyo imeenea Afrika Mashariki yote. Imewafungulia mlango watu ambao wasingeweza kamwe kulipa kwa mkupuo, na hilo ni jambo kubwa. Lakini yapo mambo mawili ya kupima. Jumlisha malipo yote mpaka la mwisho, uyalinganishe na bei ya taslimu, kwa sababu malipo madogo ya kila siku huificha jumla. Na kumbuka simu ya mkopo hujifunga ukichelewa kulipa. Ikiwa ndiyo unayopokelea oda na malipo, wiki mbaya ya biashara inakuondolea chombo cha kuitengenezea wiki nzuri. Muda wa mkopo nao usizidi nusu ya umri wa simu. Kulipia miezi 12 simu ya miezi 18 ni kubaki na miezi sita tu ya kufurahia.

Ukishaamua, dai risiti ya mashine ya kodi (EFD) yenye IMEI, waranti iliyoandikwa jina la kituo cha huduma ndani ya nchi, na uiwashe simu hapohapo na laini yako. Angalia kama chaja imo, kwa kuwa matoleo mengi sasa huuzwa bila. Kisha, kabla hujampa mdogo wako ile ya zamani au kuiuza, hamisha picha na mazungumzo, toa akaunti zako kwenye mipangilio, toa laini na memori kadi, ndipo uifute yote. Utaratibu uwe huohuo. Ukiifuta bila kutoa akaunti kwanza, unampa mdogo wako simu iliyofungwa, na itaishia mezani kwa fundi kabla hajapiga hata simu moja.